Akidi ya Kwenye Ufuta

Mwalimu mkuu Halfani alirudi kutoka Nachingwea na mkoba mpya begani na maneno mapya mdomoni, na Hajra, mwalimu mkuu msaidizi wake, akajua siku hiyohiyo kwamba wamepatikana. Mkuu alikuwa kwenye mafunzo ya uongozi wa shule, wiki nzima ya chai na vitafunwa, na sasa kila kitu kilikuwa utaratibu, mfumo, akidi. Kabla ya hapo alikuwa mvivu tu asiyemsumbua mtu. Heri uvivu wake.

Msimu wa ufuta, watu wa kijiji chao, kata ya Ruponda, huhamia mashambani, mbali, upande wa Nkowe kule Ruangwa. Hulala hukohuko vibandani hadi wavune. Zamani waliondoka na watoto wao, darasa la saba likabaki madawati matupu. Ni Hajra aliyewafuata wazazi mmoja mmoja, akawabembeleza, akagombana nao, mpaka wakakubali watoto wa darasa la saba wapige kambi shuleni na kina mama wapeane zamu ya kurudi kuwapikia. Hakuna aliyepiga kura. Walielewana tu, kama wanavyoelewana kusaidiana kupalilia.

"Kambi haina baraka za mkutano wa wazazi," Halfani alimwambia ofisini. "Jumatano saa nne tunakutana. Akidi ikitimia, tutaamua."

"Mkuu, Jumatano wazazi wako mashambani, wanakata ufuta."

"Mzazi anayejali mtoto wake atakuja, Mwalimu Hajra."

Jumatano walikuja muuza duka na babu mmoja mgonjwa wa miguu. Halfani alitazama saa, akatangaza kwamba akidi haikutimia na kwamba wazazi hawana mwamko, kisha akaivunja kambi. Watoto wakakunja mikeka. Zaina, binti aliyekuwa akiwaburuza wenzake wote kwenye hesabu, alimuuliza Hajra kama ayaache madaftari yake kabatini.

"Yaache," Hajra alisema. "Utarudi."

Siku chache baadaye alimpigia simu Adinani, anayeongoza shule moja huko Naipingo na aliyekuwa kwenye mafunzo yaleyale. Alitaka kujua ni mwendawazimu gani aliyewafundisha.

"Mbona mimi mkutano wangu nimeufanyia shambani, dada?" Adinani alishangaa. "Mwezeshaji alirudia mpaka tukachoka: wafuateni watu walipo. Halfani alikaa mbele yangu kabisa."

Hajra alikata simu bila kuaga. Hajra angeweza kumsamehe mtu asiyefundishwa. Huyu alifundishwa, akaokota lile moja tu lililomnenepeshea kiti chake, mengine akayaacha ukumbini pamoja na chupa za maji.

Alichukua bodaboda hadi mashambani. Mwamina, mama yake Zaina, alikuwa anakung'uta ufuta juu ya turubai, na hakuacha kukung'uta.

"Mmewafukuza watoto wetu, mwalimu. Sasa huku mnafuata nini?"

"Tumewafukuza, Mama Zaina," Hajra alisema. Hakutaka kujificha nyuma ya mkuu wake. "Waite wenzako. Jioni tunakutana hapahapa, na yeye atakuja."

Akampigia Halfani. "Mkuu, akidi yako iko huku. Usipofika leo, kesho niko Nachingwea kwa afisa elimu, nimweleze ulichofundishwa."

Alifika, viatu vyekundu kwa vumbi. Hajra aliwauliza wazazi kama kambi irudi, na mikono ikanyooka kuzunguka turubai zima.

"Akidi imetimia," alisema Halfani akitabasamu, kana kwamba yeye ndiye aliyeipika.

Mwamina peke yake hakunyoosha.

"Mimi ninyooshe kwa ajili ya nani?" alisema. "Zaina alinijia hapa na mkeka wake, nikajua shule imemkataa. Shangazi yake alikuwa anapita kwenda Dar, nikampa. Yuko huko, kazi za ndani. Nikipiga simu, hawapokei."

Hajra alimtazama Halfani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kumpiga mtu mzima.

Kambi ikarudi. Kila jioni Hajra hupiga namba ya yule shangazi, nayo huita mpaka inakatika.

Wiki iliyopita Halfani aliingia ofisini anameremeta. Nachingwea wanamtaka akawasimulie wakuu wenzake, hata wa kutoka Ruangwa, jinsi alivyoifufua kambi.

"Niandalie maneno machache, Mwalimu. Wewe unajua kuyapanga."

Hajra alifungua kabati, akatoa madaftari ya Zaina, akayaweka mezani mbele yake.

"Nenda na haya," alisema. "Ukifika kwenye akidi, waoneshe."

Halfani hakuyagusa. Hajra naye hakuyaondoa.