Pazia, Kisha Makofi

Oktoba 1930, Jumatatu asubuhi, agizo lilifika chumba cha kukatia filamu: nyimbo zote zitolewe. Watu walikuwa wamezichoka. Kumbi kadhaa za sinema zilibandika matangazo mlangoni kuwahakikishia wateja kwamba filamu ya wiki hiyo haina wimbo hata mmoja.

Filamu iliyokuwa mezani kwa Hazel Tolliver ilihusu wasichana wanaoandaa onyesho la nyimbo na dansi. Alipomaliza kuikata, wasichana walifanya mazoezi, wakagombana, wakapatana, pazia likafunguka, watu wakapiga makofi. Onyesho lenyewe halikuwemo.

Pamoja na nyimbo iliondoka dansi ya Verna Lindqvist, aliyepanga chumba kimoja na Hazel. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza peke yake mbele ya kamera, na studio ilingoja kuona watazamaji watampokeaje kabla ya kumwongezea mkataba.

"Shoga, hujaniachia hata mguu?" Verna aliuliza jioni, akikaanga mayai.

"Agizo ni agizo. Ila nimekuachia pale unapoinama kuwashukuru watu. Pale huimbi wala huchezi, na uso wako umejaa skrini nzima."

"Afadhali. Wakubwa wataiona sura."

Ijumaa filamu ilionyeshwa kwa majaribio kwenye ukumbi mmoja mjini Glendale. Wawili hao walikaa safu ya nyuma. Pazia lilifunguka, makofi yakalia, kisha akatokea Verna, anahema, jasho linamtoka, anainama.

"Kwani huyu kafanya nini?" mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti.

"Kafungua pazia," mwingine akamjibu.

Ukumbi mzima ukacheka. Verna alichukua koti lake akatoka.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Hazel alimkuta Krantz, mtayarishaji wa filamu, karibu na mlango.

"Bosi, naomba nikikate kile kipande cha Verna. Kosa ni langu, nilidhani namsaidia."

"Yule binti anayehema? Una wazimu, bibie? Ndipo pekee walipocheka."

"Hakikuwekwa ili kuchekesha."

"Wao wanalijua hilo?"

"Basi mwongezee mkataba, maana ndiye aliyewachekesha."

"Mkataba wa kufanya nini? Kuinama?"

Krantz alivaa kofia yake akaenda kwenye gari.

Jumatatu Hazel aliipeleka filamu maabara kuchapwa nakala. Kipande cha Verna kilikuwamo.