Kuponi ya Godoro

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa yule mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, kulikuwa na kazi ya watu wawili. Yeye alikata, mumewe akapiga pasi.

Alizokata zilikuwa kuponi. Alizipata kwenye magazeti ambayo majirani walikwisha kuyasoma, kwenye maboksi ya sabuni, kwenye karatasi za matangazo zinazosukumwa chini ya mlango, na mara moja aliipata moja ya ufagio kwenye karatasi iliyofungiwa misumari. Nyingine zilimfikia zimekunjamana kama uso wa mtu aliyelalia mto vibaya. Hizo alimpelekea mumewe. Mumewe alikuwa dobi tangu ujana wake, na jicho lake halikuvumilia mkunjo, uwe wa shuka au wa karatasi. Kazi yake aliifanyia hapo hapo chumba cha mbele, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, huku mashati ya watu yakining'inia juu ya kichwa chake. Kuponi alizipanga mezani, akazifunika kwa kitambaa chembamba, akapitisha pasi taratibu, zikatoka zimenyooka utadhani noti mpya. Mama Mkasi naye akazitia kwenye kopo la biskuti, kila fungu na kibanio chake cha nguo.

Majirani hawakuacha kumtania.

"Mama Mkasi, mkono wa birika," fundi viatu wa mlango wa pili alipenda kumwambia.

"Birika langu linamimina, fundi," alimjibu siku zote. "Halimwagi tu."

Na kweli lilimimina. Kuponi ambazo hakuwa na haja nazo, za nepi, za maziwa ya watoto, za rangi ya nywele, hakuzitupa. Alikwenda nazo duka kubwa akiwa na vibanio mfukoni, akazibana kwenye ukingo wa rafu, kila moja mbele ya bidhaa yake, kisha akaondoka. Hakusubiri kuona nani atachukua. Kwake ilitosha kwamba juma lililofuata kibanio kilikuwa kitupu.

Mwaka ule kopo la biskuti lilikuwa na kazi kubwa. Binti yao wa mwisho, Kitinda kama walivyomwita, alikuwa amehitimu ukunga na kupewa kazi katika zahanati ya mbali. Nyumba alipewa pia, ila nyumba yenyewe ilikuwa kuta, paa na bomba la maji, basi. Siku ile barua ya kazi ilipofika, Mama Mkasi alimshika binti yake mabega.

"Utaingia nyumbani kwako na kila kitu, mwanangu, na hutakuwa na deni la mtu."

Tangu hapo akaanza. Sufuria zenye vifuniko zilikuja kwa kuponi za sabuni ya unga. Mashuka na foronya zilikuja kwa kuponi za gazeti, na zilipofika tu, dobi alizifua na kuzinyoosha kama za hotelini. Zikaja ndoo, beseni, taa ya mezani, kikaangio. Kona ya chumba ikajaa hadi dirishani, na jioni nyingine Mama Mkasi aliketi kitandani akaitazama tu ile kona.

Kilichobaki ni godoro. Kuponi yake haikutoka gazetini. Ilitoka kwenye mashine ya kaunta, pamoja na risiti ya kikaangio: karatasi ndefu, nyororo, ya kung'aa, inayosema godoro kwa nusu bei. Mwisho wake ulikuwa Jumamosi hiyo. Na Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, gari la mizigo lingekuja kumchukua Kitinda na vitu vyake.

Kitinda mwenyewe aliyapenda mashuka, akazipenda sufuria, lakini kuponi zilikuwa jambo jingine. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa na tabia moja pale kaunta: akipewa risiti, alivaa miwani, akashuka hadi mstari wa chini kabisa unaoonyesha mteja ameokoa kiasi gani, akausoma kwa sauti. "Leo tumeokoa." Foleni nzima ilisikia. Mtoto alijitia hamnazo, akasogea kwenye rafu ya biskuti kama mtu aliyekuja dukani peke yake. Alipokua aliacha kwenda kwenye biskuti, lakini alibaki nje akisema anashika mizigo. Mama yake aliliona hilo na hakuwahi kumuuliza.

Asubuhi hiyo Mama Mkasi alikuwa anafunga sufuria kwa kamba aliposikia pasi imenyamaza. Si kawaida. Alichungulia chumba cha mbele, akamwona mumewe amesimama wima, mkono mmoja kwenye mfuko wa shati.

"Mzee wangu, umeungua?"

"Mimi sijaungua," alisema dobi. Akatoa karatasi mfukoni, akamkabidhi bila kumtazama. "Nimekuharibia, mke wangu."

Ilikuwa kuponi ya godoro. Kutoka juu hadi kupita katikati ilikuwa nyeusi ti, kama imepakwa masizi. Picha ya godoro ilikuwa imetoweka, maneno yametoweka.

Mama Mkasi aliigeuza upande wa pili, akairudisha. Lakini kabla hajafungua mdomo, aliona kitu mezani. Mumewe hakutumia kile kitambaa cha siku zote. Alikuwa ametoa hariri, ile anayoiweka kwa nguo za maharusi, ili karatasi ya mtoto wake isiguswe na kitu kigumu.

"Nilitaka iingie dukani imenyooka," alisema dobi.

"Najua," alisema mkewe.

Kitinda alikuja na furushi la nguo mkononi, akaitazama karatasi. "Baba, hizi za mashine zinaandikwa kwa moto. Ukizipa moto mwingine zinageuka nyeusi zote."

"Sasa ndiyo unaniambia."

"Sikujua kama utaipiga pasi."

"Miaka yote nazipiga pasi."

Kisha Kitinda akaweka furushi chini. "Basi tuache. Nitalala kwenye mkeka mpaka mshahara wa kwanza. Au nitakopa kwa wenzangu huko, watanielewa."

"Ukeshe ukizalisha wake za watu, urudi ulale sakafuni?" Mama Mkasi alikuwa ameshaanza kujifunga kitambaa cha kichwa. "Na kukopa, hukopi. Tunakwenda dukani."

"Na karatasi nyeusi?"

"Na karatasi nyeusi."

Dobi alivaa koti lake la heshima na kuchana nywele, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Duka lilikuwa limejaa. Walilitoa godoro kwenye rundo, lingali kwenye nailoni yake, dobi akalisimamisha kando ya foleni na kulishika kama anayemshika mgonjwa. Kitinda alibaki mlangoni, kama kawaida yake. Zamu yao ilipofika, keshia, msichana mwenye miwani, alipitisha kuponi kwenye mashine. Mashine ikanyamaza. Akapitisha tena. Kimya. Akamwita msimamizi wa zamu, ambaye alikuja kwa haraka, tai yake imetupwa begani.

"Kuponi iliyoharibika haipokelewi, mama," alisema. "Imeandikwa pale ukutani."

"Nimeisoma, mwanangu. Lakini hii haikuchanika. Imebadilika rangi tu."

"Mimi nitajuaje ilikuwa ya godoro? Pengine ilikuwa ya kiberiti."

Watu kadhaa walicheka. Dobi akasogea mbele bila kuliachia godoro. "Kosa ni langu, bwana. Mimi ndiye niliyeipiga pasi."

"Umeipiga pasi?"

"Kama nyingine zote."

"Na wanga uliweka, mzee?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma, mwenye toroli lililojaa soda.

Dobi alimgeukia kwa adabu. "Wanga hapana. Unaifanya karatasi ikatike."

Safari hii foleni nzima iliangua kicheko. Kwa ajili yake mwenyewe Mama Mkasi alikwisha kuzoea, aliweza kuchekwa mchana kutwa. Lakini yule mzee aliyejibu swali la kejeli kwa ukweli wake wote, koti lake la heshima limejaa vumbi la nailoni, yule alimuuma. Aligeuka kutazama mlangoni. Alijua atakachokiona: binti yake amegeuzia duka mgongo.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Samahani, nipisheni," sauti ilisema katikati ya foleni. "Samahani, kaka. Huyo ni mama yangu. Na huyo aliyeshika godoro ni baba yangu, naomba nipite."

Kicheko kilififia. Kitinda alifika kaunta, akasimama ubavuni mwa mama yake, bega kwa bega, akaichukua kuponi na kuiinua kwenye mwanga wa taa.

"Tazama huku chini," alimwambia msimamizi kwa upole, kwa sauti ambayo labda huwatuliza wanawake wenye uchungu. "Nambari zimebaki. Baba anapiga pasi karatasi anavyopiga shati, anaanzia kola. Aliona weusi akaacha kabla ya kufika kwenye pindo. Ziingizeni kwenye mashine kwa mkono, nayo yenyewe itasema kama ni godoro au kiberiti."

Msimamizi aliitazama foleni, akatazama saa yake. "Dada, leo Jumamosi. Nikimwandikia mmoja kwa mkono..."

"Bosi, niruhusu nijaribu," alisema keshia. "Huyu ndiye mama wa vibanio."

"Vibanio gani?"

"Vya nguo. Vile tunavyovikuta kwenye rafu ya nepi. Nimeviona mfukoni mwake sasa hivi." Alimgeukia Mama Mkasi. "Nilipojifungua, mama, nilikuwa bado sijaanza kazi hapa. Nepi za mwanzo za mwanangu nilizipata kwa kuponi ya kibanio. Nilidhani ni utaratibu wa duka."

Mama Mkasi hakujua aweke wapi mikono. "Mtoto hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anatembea."

"Mwache ajaribu, bwana," alisema yule mwenye soda. "Sisi hatukimbii."

Msimamizi aliishusha tai yake ikakaa mahali pake. "Haya. Andika."

Keshia akaandika, nambari moja moja, Kitinda akimsomea. Mashine ikakataa kwa mlio mfupi. Dobi alifumba macho. Kitinda akaisogeza karatasi karibu zaidi, akaifuta kwa kidole pale weusi ulipoishia. "Ngoja. Hii si tatu, ni nane. Weusi umeula ubavu wake."

Keshia akarudia. Mashine ikatulia kidogo, kama inafikiri, kisha ikalia mlio mwingine, mrefu na mtamu, na kwenye kioo likatokea neno godoro, na chini yake bei, na chini yake nusu ya bei.

"Si kiberiti," alisema keshia.

Hata msimamizi alicheka. "Si kiberiti, mzee," alimwambia dobi, na akamsaidia kuligeuza godoro lipite kaunta.

Mama Mkasi alihesabu pesa zake zilizofungwa kwenye leso, akalipa, akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta miwani. Risiti ilikuwa imetoka. Lakini aliponyoosha mkono aipokee, mkono mwingine ulikuwa umetangulia.

Kitinda aliishika risiti kwa mikono miwili. Alishuka na macho hadi mstari wa chini kabisa, akasafisha koo, na akageuka kidogo, ili asikike hadi kwenye rafu ya biskuti.

"Leo tumeokoa nusu ya godoro," alisoma. "Godoro zima la mkunga."

Mtu mmoja alipiga makofi, pengine yule wa soda, na wengine wakamfuata. Mama Mkasi alirekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. Alitembea kuelekea mlangoni kwa mwendo wa taratibu, kifua mbele, kama wanavyotembea watu waliovaa nguo zilizopigwa pasi vizuri.

Alasiri gari la mizigo lilipakiwa. Godoro liliwekwa juu ya vyote, na dobi mwenyewe ndiye aliyelifunga, akakagua kila fundo. Fundi viatu alitoka kutazama, akaona sufuria, taa, beseni, mashuka yaliyokunjwa.

"Haya yote ni ya mkasi?" aliuliza.

"Na pasi," alisema Mama Mkasi. Mumewe alimtazama, akainamisha kichwa, lakini alikuwa anatabasamu.

Kitinda alipanda karibu na dereva, kisha akateremsha kioo. Mkononi alikuwa na karatasi ndefu ya kung'aa iliyotoka pamoja na risiti ya godoro. Ilikuwa ya mapazia.

"Hiyo usiniletee mimi," alisema dobi.

"Hii naibana hivi hivi na mikunjo yake, Baba." Akamgeukia mama yake. "Mama, nipe vibanio."

"Si nimekufungia vya kuanikia nguo, viko kwenye ndoo?"

"Vya kuanikia ninavyo," alisema binti yake. "Nipe vya dukani."

Mama Mkasi alitia mkono mfukoni, akavitoa vyote alivyokuwa navyo, akammiminia kiganjani.