Jengo Lisilo na Paa

Nilikuwa fundi wa lifti mpaka waliponistaafisha. Mtu akikuambia kwamba niliwahi kuizuia lifti isianguke kwa mikono hii mitupu, bibi harusi na wapambe wake wakiwa ndani, mwamini. Mimi ndiye niliyemwambia. Nyumbani hakuna anayeniamini tena. Binti yangu, nesi, ambaye ndiye ninayeishi kwake, nikianza tu "siku moja" anabeba beseni la nguo na kutoka nje.

Ndiyo maana nilinogewa na Bi Cherehani. Ni mshonaji wa mji mwingine. Sijamwona uso wala kumsikia sauti. Tulikutana kwenye kundi la simu la watu wanaotungiana hadithi, tukajitenga wawili, tukaanzisha jengo letu. Jengo halina paa. Mimi naendesha lifti, yeye ni abiria: mwanamke aliyetoroka kwake na sanduku jekundu, anapanda juu na hasemi anakwenda kwa nani. Sheria ilikuwa moja. Mimi nabonyeza kitufe na kueleza safari. Yeye anafungua mlango na kueleza kilichoko nje. Hakuna kuandika mara mbili mfululizo. Mlango ni wake.

Na alikuwa anaufungua hasa! Orofa ambayo watu wake wanaanika vivuli vyao kwenye kamba. Orofa ya wanaume waliogeuka vifungo vya shati kwa uongo wao, "na kimoja kinafanana na wewe, Fundi." Nilicheka mpaka meno ya bandia yakadondokea kwenye chai.

"Baba, unacheka na nani?" binti akauliza.

"Na abiria wangu."

"Huyo abiria hana kwao?"

"Katoroka."

"Haya. Akitoroka tena mwambie apitie hapa anisaidie kufua."

Nilipomuuliza abiria sanduku lina nini, alinijibu: "Tulia, Fundi. Nitakuambia tukifika."

Kisha majibu yakaanza kupungua, kama kitambaa kwa mshonaji mwenye tamaa. Aya ikawa sentensi. Sentensi ikawa "haha." Halafu ikabaki picha ya dole gumba.

Sasa wewe niambie, dole gumba linafungua mlango gani?

Nikajituma. Nikampeleka orofa za vitambaa vitupu, hariri zinazopiga soga, asichoke kufikiri. Nikausukuma mlango nusu kwa mguu wangu, kinyume cha sheria, ili yeye abaki kupenya tu. Mwishowe nikaandika: "Bibie, huko nje kuna mwanga au giza? Nijibu neno moja." Nikaiweka simu mezani, nikaketi mbele yake kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Dole gumba.

Nimewatoa watu wengi kwenye lifti zilizokwama. Wote ni wale wale: kwanza wanataniana, kisha wanapiga kelele, kisha wanakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

"Baba, chakula kimepoa."

"Nasubiri mlango."

Binti akavuta kiti. "Si umpigie tu? Namba yake unayo."

"Nikipiga atapokea mshonaji."

"Kwani si ndiye huyo huyo?"

"Siye. Mshonaji ana wateja, ana oda, ana mgongo unamuuma. Mimi namtaka abiria."

Akanitazama kwa yale macho anayoyatumia kazini. Halafu akaniambia, taratibu kabisa, "Basi nihadithie mimi, Baba." Beseni hakuligusa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sikuwa na la kumhadithia.

Jibu lilikuja mchana mmoja nikiwa namenya viazi. Maneno! Maneno yenyewe, bila dole!

"Fundi wangu, nisamehe, sare za shule zimenimaliza. Leo nina nafasi, tuendelee. Ila nikumbushe, mimi nilikuwa nani vile?"

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaandika yote. Vivuli kwenye kamba, vifungo, sanduku jekundu, jinsi alivyokataa kusema anakwenda kwa nani. Kabla ya kutuma nikasoma. Yalikuwa yake yote, lakini yakitoka kwangu yalisikika kama zile porojo zangu zinazomtoa binti nje. Na nikajua kitakachofuata. Ni mwanamke mwenye adabu. Angejibu "aa, nimekumbuka," angenifungulia mlango mmoja, labda miwili, kama unavyomwinua mgonjwa akae kitandani apate kunywa maji.

Nikafuta yote. Nikaandika: "Ulikuwa abiria. Tumefika, Bibie. Shuka salama."

Nikasubiri. Maana alisema ataniambia tukifika.

"Jamani, kumbe imekwisha! Ilikuwa nzuri sana, Fundi. Asante." Na dole gumba.

Nikarudi kwenye viazi. Binti aliporudi kutoka kazini alinikuta nimevimenya vyote, hata vya kesho na keshokutwa, vimejaa kwenye beseni lake la nguo.

"Baba, na abiria je?"

"Kashuka."

"Kashukia wapi?"

Ningemwambia nini? Kueleza kilichoko nje haikuwahi kuwa kazi yangu. Mimi nipo humu ndani ya lifti, mlango umejifunga, na sanduku jekundu amelisahau kwenye kona. Nimelitikisa. Lina kitu.