Bangili Sita za Moinaecha

Jumanne ile Moinaecha alikuwa uani kwake, mjini Moroni, anapepeta mchele, akaingia kikongwe mmoja, akavua ndara, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma akalala. Moinaecha alimfuata na ungo mkononi. Kwenye kiwiko cha kulia kikongwe alikuwa na kovu la mafuta ya moto, sawasawa na lake. Akamtazama meno, akamtazama vidole vya miguu. Alikuwa yeye mwenyewe, miaka arobaini mbele. Akamfunika shuka, akarudi kumalizia mchele.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wale askari wazungu wa kukodiwa waishike nchi, na watu walishazoea kutouliza nani kaingia nyumba ya nani. Jirani alipita kujulia hali, akamchungulia kikongwe. "Umezeeka vizuri," alimwambia Moinaecha, "ila miguu, masikini!"

Miguu ndiyo, maana tangu alale kikongwe hakusimama tena. Alitaka kulishwa uji, kuoshwa, kugeuzwa ubavu huu na huu. Moinaecha alikuwa na nguvu zake bado, lakini jioni ya kwanza tu kiuno kilimwaka moto. Hapo ndipo woga ulipomwingia. Alizaa mtoto mmoja tu, Fakri, tena wa kiume. Na visiwani kwetu nyumba ni ya binti, mwanamume huhamia kwa mkewe. Sasa asiye na binti atauguzwa na nani?

Alikuwa na bangili sita za dhahabu, za mamake, kazifunga kitambaani na kuzificha chini ya godoro. "Akiba haiozi," alizoea kusema. Zilikuwa za kumlipa mwanamke wa kumuuguza siku miguu itakapokataa.

Kwanza lakini akamjaribu mwanawe. Alimfunga kikongwe mgongoni kwa kanga, wakavuka kwa boti hadi Mutsamudu, kisiwa cha pili, ambako Fakri alioa na alikuwa akipakua mizigo bandarini. Waliposhuka, mzungu mwenye bunduki alitaka karatasi. Moinaecha akatoa kitambulisho kimoja. Mzungu aliitazama picha, akazitazama nyuso mbili, akakirudisha. Kikongwe alijikojolea kwa hofu, na Moinaecha akapanda vichochoro vya mji wa kale kanga imemlowa.

Fakri aliwabusu mikono wote wawili. "Karibuni, mama." Lakini hakupisha mlangoni.

"Nyumba ni ya mke wangu," alisema, machozi yanamlenga. "Na mamake yuko kitandani humu humu. Mimi mwenyewe mgeni, mama."

Mkewe Roukaya akawatolea chai. Wakanywa, wakarudi.

Moroni walimkuta Chanfi, kakake Moinaecha, kakaa barazani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajafanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima, kwa hiyo mbele ya wanaume wa mji alihesabiwa mtoto. Akifungua mdomo kwenye uwanja wa mikutano huambiwa anyamaze. Sasa siku ilishapangwa, na dhahabu ya bibi harusi haikutosha.

"Dada, zile bangili."

"Kaka, zile ni za uzee wangu. Mtazame huyu."

Chanfi alimtazama kikongwe, akamwamkia kwa adabu zote. "Nimemwona. Si anapumua? Au wataka nife mtoto, watu waseme ukoo wetu hauna mwanamume?"

Moinaecha aliuogopa uzee, aliuogopa kwelikweli. Lakini uzee ulikuwa mbali kidogo, na aibu ilikuwa pale barazani. Akainua godoro, akampa.

Harusi ilifana. Chanfi alivaa joho, na kwa mara ya kwanza akasikilizwa uwanjani. Alizungumzia wajibu wa kuwatunza wazee. Watu wakasema kanena.

Moinaecha aliporudi, kikongwe hakuwa kitandani. Alikuwa jikoni sakafuni, juu ya mkeka, amebaki nusu ya uzito wake, mgongo una vidonda kama wa mtu aliyekosa wa kumgeuza. Moinaecha alimwosha, akampaka mafuta ya nazi, akambeba hadi kitandani. Asubuhi alimkuta sakafuni palepale.

Hakumhamisha tena. Kila alasiri, Moinaecha akiwa uani, kikongwe huita. Hamwiti Fakri, hamwiti Chanfi.

"Moinaecha," huita. "Moinaecha, njoo unigeuze."

Naye huweka ungo chini akaenda. Anajua siku zenyewe zikifika ataita hivyohivyo, na uani hakutakuwa na mtu.