Bibi Dafrosa Agoma Kuimba

Gaudensia alishuka Usoke na kamera ya kuazima, na kichwa kilichofura mafunzo ya filamu. Kesho yake treni ingemrudisha Dar, na wimbo wa wapagazi bado ulikuwa tumboni mwa bibi yake. Bila wimbo ule hakuna filamu ya makala, na baada ya Bibi Dafrosa hakuna mwingine aujuaye.

Alianza na mtindo wa msimulizi. Akaandika maneno mazito kuhusu njia ya misafara kutoka Tabora hadi pwani, akayasoma kwa sauti ya redio huku bibi akipanga majani ya tumbaku. Bibi akageuka.

"Nani huyo ananisemea na mimi ni mzima?"

Haya, mahojiano. Bibi akavaa gauni la Pasaka, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, na kila swali akalijibu, "Tunamshukuru Mungu."

"Na ule wimbo, bibi?"

"Upo."

"Si uuimbe?"

"Hivihivi tu? Mimi kichaa?"

Ukabaki mtindo alioupenda kuliko yote: kutazama tu, kimya, mpaka watu wasahau kuna kamera. Waliobuni mtindo huo hawajafika Usoke. Akamkanya mpiga picha wake, Selemani, mcheshi asiyejua kunyamaza, asitoe neno hata moja. Jirani Mathias akapita, "Mwangaluka!" Kimya. Akasalimu tena. Kimya. Akamuuliza bibi kwa huruma kama mgeni ni bubu.

"Bubu naye anakula," bibi akasema, akamwekea Selemani sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Selemani akatafuna, akatafuna, uvumilivu ukamwisha. "Bibi, kwetu Kisarawe hivi tungeezekea nyumba!"

Gaudensia alitamani ardhi ipasuke. Lakini bibi alikuwa ameshasimama, macho yanawaka.

"Kisarawe? Wewe Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa!"

"Gaudensia! Umeniletea mtani ndani ya nyumba, ukamfunga mdomo? Wimbo wenyewe ni wa kumtukana Mzaramo! Ulitaka nimtukane nani, kuku?"

Gaudensia, mtoto wa Dar, hakulijua hilo. Utani wao ulizaliwa kwenye njia ile ya misafara, Wanyamwezi kama bibi na mizigo yao ya pembe za ndovu wakipita katika nchi za watu, na mtani anakutukana, anakunyang'anya, nawe huna ruhusa ya kununa. Bibi naye hakupoteza muda. Akampokonya Selemani kamera.

"Bibi, ya kuazima hiyo!"

"Iliyo mikononi mwa mtani ni yangu!" Akamtwisha Selemani gunia la viazi, akamkimbiza uani huku akipiga picha na kuimba kwa sauti ambayo Gaudensia hakujua kama anayo:

*Mzaramo nazi moja, njia nzima analia,*
*Mnyamwezi pembe nzito, akiimba aingia!*

Selemani akacheza, akalia kilio cha uongo, akajibu matusi kwa matusi. Mathias akaacha jembe aje kuitikia. Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini, mitindo yote imemtoka kichwani, na furaha ikamjaa hadi machozi. Alipotazama picha, akaona miguu, mawingu na jogoo mmoja anayekimbia, lakini wimbo ulisikika vizuri, kila neno.

"Tumeupata, bibi! Wote!"

"Wote wapi?" bibi akahema. "Huo ubeti wa Wazaramo. Bado Waluguru, bado Wakaguru, bado Wagogo. Njia ilikuwa fupi?"

Gaudensia hakuuliza la pili. Alinyakua kamera akatimua mbio kuelekea stesheni, ambako treni ya bara ilikuwa ndiyo kwanza inasimama, Selemani nyuma yake na gunia lake kichwani.

"Jamani, Mgogo!" alipiga kelele dirisha kwa dirisha. "Nani Mgogo humu? Ashuke, bibi yangu ana hamu ya kumtukana!"

Mama mmoja mnene akainuka kitini, akajifunga kanga kiunoni.

"Ni mimi! Yuko wapi huyo bibi, nianze naye?"