Dawa ya Faidha

…zilezile, anasema Ashiru, mwandikie zilezile tu, Daktari, zimemweka sawa mke wangu, nami kalamu imeshagusa karatasi, herufi ya kwanza ya valproeti, dawa yake ya kutuliza akili, imetoka, kisha mkono umegoma, maana Faidha, hata kukaa hajakaa vizuri, amesema kwa sauti ndogo tunataka mtoto sasa, akavuta mtandio mdomoni, na dawa hii na mimba… mgongo wazi, nilimwona kwa macho yangu, wodi ya wazazi kule Masasi, mtoto wa Valeria wa Chilangala, nyama nyekundu pale uti ulipokataa kufunga, na Valeria ananiuliza mimi mpita njia, nilikula nini kibaya, Daktari, hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu vile vidonge… basi nibadilishe kimyakimya, niandike nyingine, waondoke, lakini ikimkataa je, mwaka juzi Faidha aliletwa kutoka Kitangari amefungwa kanga mikononi, anacheka, anaimba, amewagawia wapita njia maji yote ya nyumba, maji waliyoyafuata bondeni, nyayo zimechanika kwa kutembea pekupeku hadi Makote, na nikimwambia ukweli ataogopa, atavitupa vidonge leo hii, wanavitupa, nawajua… anapika sasa, anasema Ashiru, analala, wazee anawaamkia shikamoo kama watu, usituvurugie, Daktari, kumbe naye anaogopa, sote wawili tunaogopa tukiwa tumemweka Faidha katikati kama mzigo, mimi nabishana na Ashiru, na Valeria, na woga wangu, na huyu atakayemeza, huyu atakayebeba mimba, sijamgeukia hata mara moja, nani kanipa ruhusa ya kumficha habari za mwili wake mwenyewe… Faidha, nasema, kalamu bado iko palepale, dawa hii inaweza kumharibu mtoto tumboni, ila ukiiacha ghafla ugonjwa utarudi, kwa hiyo usiiache, tutapima mimba kwanza, utumie uzazi wa mpango kwa muda, tuanze nyingine, hii tuipunguze polepole huku nakuona, na hiyo nyingine pengine isikufae, sikufichi, wewe unataka nini? Faidha ameshusha mtandio, ananitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa, nataka vyote viwili, Daktari, akili yangu na mtoto… vyote viwili, na mimi nilikuwa nimeshamchagulia kimoja.