Jina Moja kwenye Akaunti

Kaka hakuona tatizo liko wapi. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye lori lake la kusambaza vinywaji, viatu kavua, miguu kainyoosha chini ya meza. Dada yake akamweleza kwamba karakana iliyomwajiri hailipi mtu mkononi. Mshahara unapita benki tu.

"Sasa si uwape namba ya akaunti yangu," akasema kaka, kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. "Ikiingia, nakutolea. Kwani mimi na wewe tuna mambo ya changu na chako?"

"Nataka ya kwangu, kaka."

"Ya kwako ya nini? Nchi yenyewe umeingia juzi. Ukitoka hapo nje bila mimi si utapotea!"

Mke wa kaka alikuwa pembeni anakunja nguo zilizokauka. Akamtupia wifi yake jicho la haraka, kisha akarudi kwenye mashati yake.

Wifi huyo, kila aliyefanya naye kazi alimwita Cheche. Jina alipewa na mafundi wenzake kwao, alipokuwa mwanamke pekee katika karakana ya kuchomelea vyuma, nalo likamganda kwa sababu mbili: mashine yake na mdomo wake. Kazi hii ya ng'ambo ni kaka ndiye aliyemtafutia. Ni kaka aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege, akamtolea watoto chumbani ili apate pa kulala. Fadhila zilikuwa zimemfika shingoni, na kumkatalia mtu wa namna hiyo mbele ya mkewe hakukuwa kitu chepesi.

Lakini Cheche aliwahi kuolewa. Miaka yote ya ndoa ile mshahara wake ulipita kwenye akaunti ya mume, kwa sababu benki ilikuwa jirani na kazini kwa mume, na kwa sababu mwanzoni jambo lenyewe lilifanana na mapenzi. Walipoachana akaenda kuulizia jasho lake. Karani alikuwa mpole kupita kiasi. "Mama," akamwambia, "humu jina lako halimo." Cheche akatoka pale mikono mitupu, na huko nje, kwenye jua kali, akala kiapo. Hatapitisha tena jasho lake kwenye jina la mtu mwingine, hata mtu huyo awe malaika.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata akaomba ruhusa kazini, akaenda kwenye benki kubwa ya vioo iliyotazamana na kituo cha basi. Kijana wa mapokezi, tai imemkaba, akaitazama pasipoti, akakitazama kibali cha kazi, akatikisa kichwa.

"Uthibitisho wa makazi?"

"Nakaa kwa kaka yangu."

"Basi kaka aandike barua kwamba unaishi kwake, aweke na nakala ya kitambulisho. Ukiileta, tunakufungulia siku hiyohiyo."

Jioni Cheche akamwomba kaka barua. Kaka akaweka kijiko chini.

"Siandiki."

"Mistari miwili tu, kaka."

"Hata mmoja. Nikiandika nimekubali kwamba dada yangu wa tumbo moja ananiona mwizi. Nilikuleta huku uje kunivua nguo?"

"Sijasema wewe mwizi."

"Ungesema ningekuelewa zaidi."

Maneno yale yalimchoma, maana alijua kaka hadanganyi. Angeutoa mshahara wote, hadi sarafu ya mwisho. Angeutoa kila alipoombwa, na hapo ndipo penyewe: *alipoombwa*. Cheche hakutaka kuomba. Akamsaidia wifi kuosha vyombo.

Fundi mmoja kazini akamwelekeza kwenye benki nyingine, ndogo, iliyobandika kwenye kioo maneno makubwa ya kuwakaribisha wageni. Huko hawakuuliza makazi. Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo akampa tabasamu, kalamu na mkataba, akamwonyesha kwa kidole pa kutia saini.

"Naomba niusome kwanza," akasema Cheche.

"Wote? Ni mambo ya kawaida tu."

"Basi nitayasoma ya kawaida."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, akausoma kama anavyokagua maungio ya chuma, sehemu kwa sehemu, akitafuta palipopasuka. Kutoa pesa kuna makato. Kutotoa nako kuna makato. Halafu, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, kuna mdhamini, mtu aliyekwisha kukaa nchini muda mrefu, atakayepelekewa taarifa ya akaunti kila mwezi, na bila idhini yake pesa haitumwi nje. Akarudi dirishani.

"Huyu mdhamini ataona kila ninachoingiza na kutoa?"

"Ni utaratibu tu, dada. Wengi humweka mume, au kaka."

"Na nisipotaka?"

"Hapo hatuwezi kukufungulia."

"Basi sitaki."

Yule mama akavua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. "Wenzako wakipokelewa hapa wanashukuru."

"Mimi sikuja kupokelewa, mama. Nimeleta pesa zangu mzitunze. Wa kushukuru hapa ni nyinyi."

Nyuma kwenye foleni mtu akacheka puani. Cheche akairudisha kalamu, akaiweka sawasawa juu ya mkataba, akatoka kifua mbele. Alipopinda kona tu akaegemea ukuta. Alikuwa ameikataa benki pekee iliyomkubali. Akajiuliza kama ana akili timamu, akajijibu kwamba anazo, akaenda kazini.

Msimamizi wa karakana hakufurahi. "Mwisho wa mwezi huo unakuja. Bila akaunti, mshahara wako utalala ofisini. Andika ya kaka yako kwanza, utabadilisha baadaye."

"Ulale tu."

"Na wewe utakula nini?"

"Hilo niachie mimi. Wewe nipe barua kwamba nafanya kazi hapa."

Msimamizi akamtazama, akatazama fremu za madirisha alizozichomelea tangu asubuhi, zimenyooka hazina doa, akaandika barua.

Barua moja mkononi. Kilichobaki ilikuwa anwani ya kuipelekea ile benki ya vioo. Cheche akapiga moyo konde: kama anwani ya kaka haipatikani, atatafuta ya kwake.

Mtaa wa nyuma ya karakana aliishi mshona mapazia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa na chumba cha kupangisha uani. Chumba kilikuwa kidogo, ukuta mmoja una unyevu, dirisha linatazama kamba za nguo. Cheche akakipenda. Kikwazo kilikuwa malipo ya kutangulia, naye mfuko ulikuwa umekauka.

"Geti lako limefungwa kwa waya," akasema.

"Linanijua. Ukilisukuma kwa nguvu linakuangukia."

"Nikutengenezee, bawaba mpya, komeo jipya. Tuhesabu hiyo ndiyo ya kutangulia."

Mshona mapazia akamkagua kuanzia viatu. "Wewe? Nani atakayechomelea?"

Siku ya mapumziko Cheche akaazima mashine kwa msimamizi, akavaa kinyago chake, na majirani wakaja kushuhudia. Kabla jua halijawa kali geti lilikuwa linafunguka kwa kidole. Mshona mapazia akalifungua na kulifunga hadi wapita njia wakamcheka.

"Sasa mkataba," akasema Cheche huku anafuta jasho. "Uandike jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi kwa herufi."

"Makubwa! Wapangaji wangu wote wanalia wapunguziwe kodi, wewe unalilia karatasi?"

"Kodi nitakulipa. Karatasi ndiyo shida yangu."

Kuhama ndiko kulikokuwa kugumu. Kaka alimkuta mlangoni na begi, akasimama kana kwamba amepigwa kofi.

"Kwa hiyo umekata shauri. Kisa akaunti."

"Kisa jina langu, kaka."

"Jina lako mimi ndiye niliyelipendekeza kwa baba, ulipozaliwa!"

"Basi usinizuie kulitumia."

Kaka akasogea kando. Cheche alipita machozi yakimlenga, lakini hakugeuka, maana alijijua, angegeuka, asingeondoka.

Kijana wa benki ya vioo alimkumbuka. Safari hii ni Cheche aliyeanza kuuliza. Makato ni kiasi gani? Kutuma nyumbani kunahitaji kibali cha mtu? Nikitaka kufunga akaunti, mnanitoza? Majibu yalipomridhisha akasukuma karatasi zake mbele: pasipoti, kibali, barua ya kazi, mkataba wa chumba.

"Kuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kutoa?" kijana akauliza, vidole juu ya kibodi.

"Hakuna."

"Hata wa dharura? Mume, ndugu wa kiume?"

"Andika hakuna."

Akaandika. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili Cheche ahakiki. Herufi moja ya jina ilikuwa imekosewa.

"Rudia."

"Haina shida kubwa, dada, mfumo utasoma tu..."

"Rudia, mwanangu. Nimehama nyumba kwa ajili ya jina hilo."

Kijana akarudia. Cheche akahakiki tena, herufi kwa herufi, ndipo akatia saini.

Mshahara ulipoingia alikwenda kwa kaka, mafuta, unga na sabuni mkononi. Kaka alikuwa kwenye kiti chake. Hakuinuka.

"Umekuja kunionyesha?"

"Nimekuja kuwasalimia. Na huu ni mkono wangu kwa watoto walionipisha chumbani."

"Watu wanasema nilikufukuza."

"Waambie niliondoka kwa miguu yangu."

"Nimewaambia. Hawaamini." Akalitazama furushi, akatazama pembeni. "Chumba hakivuji?"

"Ukuta mmoja una unyevu."

"Mh," kaka akaguna. Si suluhu, lakini kiti cha kukaa alipewa.

Wakati wa kuondoka wifi alimsindikiza. Walipofika ngazi za nje, akamshika mkono.

"Wifi, ile benki ya vioo," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu ambaye nyumba haina jina lake, na kazi yake ni ya kufua kwa watu, wanamfungulia?"

Cheche akasimama. Kabla hajajibu, sauti ya kaka ikatoka ndani, ikimwita mkewe.

Wifi hakuuachia mkono. Akainua kichwa, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Subiri! Naongea na wifi yangu!"

Kisha akamgeukia. "Enhe. Karatasi gani wanaanza nayo?"